Kwenye Kilima cha Bibi Anjelina Hafi Mtu

Ukiambiwa kwamba kifua kikuu kimekupanda kichwani, kaa chini kwanza. Mimi sikukaa. Nilisimama mbele ya daktari nikamwambia mwenye kichwa kibovu ni yeye, nikamtaka anioneshe diploma yake, kisha nikaanguka juu ya meza na kumwaga chai. Hayo nimesimuliwa na mama yangu, ambaye mpaka leo akiyasimulia huanza na ile chai.

Mwenyewe siyakumbuki. Mengi ya miezi ile siyakumbuki, na mengine nayakumbuka vizuri sana ila sina hakika kama yalitokea. Naandika kwa sababu nimepona, na kila nikienda kupimwa namkuta mtu kwenye benchi amejikunja kama nilivyojikunja mimi, na ndugu zake wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Dawa zinafanyaje kazi, waulize wenye kazi yao. Mimi nitaeleza kuchanganyikiwa kulivyo, maana hilo hakuna aliyeniambia.

Naitwa Zaina, ni mshonaji, nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa mjini karibu na ziwa, na bado niko Buyenzi. Cherehani yangu inakaa kibarazani kwa mama, gereji mkono mmoja, duka la vipuri mkono wa pili, kwa hiyo nguo zangu hutoka na harufu ya oili na wateja wamezoea. Niliachika kabla ya vita, na ulimi wangu ulikuwa mojawapo ya sababu. Mdogo wangu Idi, kitinda mimba wa mama, alikuwa dereva wa lori la mizigo. Alikaa na mkewe Hadija nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mimi na Idi tulikuwa na ugonjwa wetu mwingine, wa miaka mingi: mchezo wa redio wa Bibi Anjelina. Ulikuwa kwa Kirundi, alasiri mara mbili kwa wiki, na siku hizo ningekuwa na gauni la bibi harusi mkononi ningeliweka chini. Bibi Anjelina alikuwa mjane mwenye kuku wengi na pua ndefu, anaishi kwenye kilima ambako kila mara kitu kinapotea. Kengele ya shule. Jembe jipya la mkuu wa kilima. Mtu kavuna ndizi za jirani, mtu kafungulia mbuzi. Mkuu wa kilima humkamata asiyehusika, Bibi Anjelina huvua viatu, hukaa mlangoni kwake akachambua maharage, na akiinuka anamjua mwizi. Kulikuwa na katekista mmoja, Zakariya, mwenye njaa isiyoisha, ambaye Idi alimshuku kwa kila kitu. Tulikuwa tunawekeana sharti. Anayekosea anakaanga mandazi.

Tulikuwa watu wazima, na nje milimani bunduki zilikuwa zinalia. Kuna alasiri tuliongeza sauti ya redio ili tusikie nani kaiba jembe. Sitaki kuipamba sababu. Kwenye kilima kile hakuna aliyekuwa anakufa. Si mtu, na hata kuku akipotea alipatikana. Miaka yote ile tuliyousikiliza hapakuwa na jeneza, na tulijua hapatakuwa, kama unavyojua kwamba kwa mama yako huwezi kufukuzwa.

Mama alikuwa anatucheka. "Watu wazima munakaa kusikiliza kuku za watu," alisema, akaingia jikoni. Hakuwahi kuusikiliza mpaka mwisho hata mara moja.

Kichwa kilianza kuniuma mvua zilipoanza. Nikadhani malaria, nikanywa dawa ya malaria. Kikaendelea. Jioni mwili unachemka, asubuhi kanga imelowa jasho, na sketi zangu nikawa nazifunga kwa pini. Shingo ikakaza. Siku moja mteja alikuja kuchukua blauzi yake akakuta nimeshona mkono mahali pa kola. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniangalia. Nilimwambia ndiyo mtindo mpya, na nilikuwa naamini.

Hospitalini tulikaa kwenye korido asubuhi nzima na siku iliyofuata pia, kwa sababu waliojeruhiwa walikuwa wanapitishwa mbele. Sikuwalaumu. Nililaza kichwa kwenye paja la mama, sakafu ikawa inapanda na kushuka. Kisha ile chai ya daktari. Kisha sindano ya mgongoni, ambayo kwa bahati ni mojawapo ya nilivyovisahau.

Ndipo ikaanza miezi ya sindano. Kila asubuhi moja, leo tako hili kesho lile, mpaka sikuwa na upande wa kukalia. Mkojo ukatoka mwekundu, nikapiga kelele kwamba damu inaniishia, na muuguzi akacheka mpaka akaegemea ukuta: ni dawa tu. Masikio yakaanza kulia ndani kama birika linalokaribia kuchemka. Dawa nyingine ikanivimbisha uso, mashavu yakajaa, na mama aliyekuwa analia kwa wembamba wangu akafurahi. "Sasa unaanza kunona," alisema. Nilijiona kwenye kioo cha jirani nikamuuliza yule ni nani.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mama Floride, mkulima wa Kanyosha, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye kucheka kwa nguvu kuliko mapafu yake yalivyoruhusu. Alikuwa na redio ndogo. Siku ya mchezo aliiweka kati ya vitanda vyetu, na wodi yote ikanyamaza, hata waliokuwa wanakohoa walikohoa kwa adabu.

Tatizo ni kwamba redio ilipozimwa, mimi sikurudi. Kile kilima kilibaki wodini. Muuguzi mkuu alikuwa Bibi Anjelina, na nilimuuliza habari za kuku wake. Mfagizi alikuwa katekista Zakariya, na nilimwita mwizi mbele ya watu. Wakati ule kwenye mchezo mtu alikuwa anaiba asali ya padri, na mimi nikawa nainusa asali kwenye shuka zangu. Usicheke. Au cheka, Idi alicheka sana.

Idi ndiye aliyenipangia dunia. Akiwa mjini alikuwa anakuja kila siku, anakaa ukingoni mwa kitanda, ananyoosha kidole kitu kimoja kimoja. "Dada, angalia. Hapa ni hopitali. Uyu ni Mama Floride, ni mutu kabisa. Ule mwenye kufagia ni mutu, muache. Bibi Anjelina ni wa mu redio. Zakariya ni wa mu redio, lakini ni mwizi kweli." Akimaliza, kila kitu kilikuwa mahali pake kwa muda wa kutosha mimi kunywa uji. Mkewe Hadija ndiye aliyekuwa analeta huo uji, wa ulezi, kwenye termosi iliyofungwa kanga.

Kuhusu asali, Idi alisema Zakariya. Mimi nilisema mpishi wa padri. Mara ya mwisho alipokuja alimletea Mama Floride betri mpya, akaniambia anapakia bidhaa za kupeleka Gitega na atarudi kabla ya mchezo unaofuata. "Ukisikia jibu nikiwa bado sijarudi, usiniambie," alisema. "Na ukaange mandazi mengi."

Hakurudi kabla ya mchezo unaofuata, wala baada yake.

"Idi iko wapi?" nilimuuliza mama.

"Gari iliharibika. Wako wanangoja pièce ya kubadilisha."

Siku nyingine nikauliza tena. Barabara ilikuwa imefungwa, alisema, magari yote yanangoja kusindikizwa na askari. Siku nyingine alikuwa amepata kazi ya muda huko huko. Na uji sasa aliuleta mama mwenyewe. Hadija alikuwa amekwenda Rumonge kwa mama yake. Wiki nyingine mama huyo huyo wa Hadija alikuwa amekuja Buyenzi. Yote yaliwezekana, maana wakati ule magari yaliharibika na barabara zilifungwa. Sikujua kama maneno ya mama yanapingana au kichwa changu ndicho kinachoyapinganisha. Mtu wa kunipangia ndiye aliyekuwa hayupo, na bila yeye nilikuwa naamka asubuhi nisijue nianzie wapi. Niliogopa, nakwambia ukweli. Nilikuwa nakishika kitanda kwa mikono miwili.

Kisha akaja Bi Mwamini, jirani yetu wa Buyenzi, kuniona. Kwanza alisimama mlangoni na mama, wakidhani nimelala. Bi Mwamini alimshika mama bega akasema, "Lakini walimuzika muzuri, Mama Zaina. Watu walijaa mpaka ku barabara."

Nikafumbua macho. "Nani alizikwa?"

Mama aligeuka. Alikuwa amevuta ncha ya mtandio mdomoni. Akaangalia huku, akaangalia kule, macho yake yakatua kwenye redio ya Mama Floride.

"Mutu wa mu redio," alisema. "Mu ile teatri yenu. Kuna mutu alikufa."

"Nani?"

"Ule... bwana ya ule bibi wa kuku."

Nilishukuru. Nakumbuka vizuri nilivyoshukuru, nikalala. Walishanizoeza kwamba nikisikia jambo la ajabu ni la redioni, kwa hiyo hili nalo nikalipeleka kule na mengine.

Lilinisumbua kuanzia siku ya mchezo. Bibi Anjelina ni mjane. Alikuwa mjane tangu siku ya kwanza. Bwana wa kufa alimtoa wapi? Halafu mchezo wenyewe ukaanza, na kilima kizima kilikuwa hai, kinagombana juu ya asali. Hakuna aliyemtaja marehemu. Nikamgeukia Mama Floride.

"Mara ya nyuma, mu teatri, kuna mutu alikufa?"

Mama Floride akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa. "Mi nililala, jirani."

Mama Floride hakuwahi kulala wakati wa mchezo. Alikuwa anamjibu katekista kwa sauti.

Basi nikafanya kama Bibi Anjelina. Yeye haulizi nani alikuwepo. Anauliza nani hayupo. Viatu sikuwa navyo, kwa hiyo nilikuwa nimeshavivua. Hayupo Idi. Hayupo Hadija, ambaye hakukosa hata siku ile mitaa ya kaskazini ilipokuwa inawaka moto. Mwanamke wa kwetu anayependa watu namna ile haachi ghafla kutoka nje, asilete hata salamu, asionekane wiki hadi wiki, ila akiwa amekaa eda. Na anayekaa eda amefiwa na mume. Na kwenye mchezo wetu hafi mtu. Mama hakulijua hilo. Idi angelijua. Idi angetafuta uongo mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mdogo wangu amekufa.

Natamani ningeishia hapo, lakini ugonjwa ule haukuniruhusu kujua mara moja. Nililala nikijua, nikaamka sijui. Asubuhi naulizia uji wa Hadija, mchana nakumbuka mjane hana bwana, jioni nimefika tena mahali pale pale. Nilifiwa na Idi mara nyingi kuliko mtu yeyote wa familia yetu. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, na ukamwona anatulia ghafla anaangalia ukuta, usidhani amelala. Huenda anafika mahali.

Sikumuuliza mama. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Wote tunajua, na nimewahi kuwaficha wengine mimi mwenyewe, kwa sura kavu kabisa. Daktari alikuwa amewaambia nisishtuliwe. Lakini hiyo si sababu yangu. Sababu ni kwamba ningeuliza, mama angelazimika kusema, na angesema pale, kati ya masufuria ya watu, kisha angekimbilia nyumbani kabla ya amri ya kutotoka nje, kila mmoja wetu abaki peke yake na neno hilo. Na mimi nilitaka kuishi. Nilikuwa naona haya kutaka hivyo, lakini nilitaka.

Sindano ziliisha mvua zinapungua. Alasiri moja mama alikuwa ananimenyea chungwa, na swali likanitoka bila mimi kulipanga.

"Mama. Ule mutu wa mu redio. Aliumia sana?"

Kisu kikasimama. Mama Floride, ambaye redio yake haikuwa inazimwa mchana, akaizima.

"Apana," mama alisema. "Walisema ni mara moja."

"Walimukuta wapi?"

"Ku barabara ya kupanda milima. Walivizia magari. Alikuwa bado amekaa ku volani, kama mwenye kuendesha."

"Nani alimuosha?"

"Mujomba wake. Na shehe. Walimuosha muzuri, mi niliuliza. Wakamuvalisha sanda muzuri."

"Na bibi yake?"

"Iko ndani. Iko analia, lakini iko anakula."

Akanipa chungwa. Tukalila kipande kwa kipande, na mimi nilikuwa nalia, na yeye alikuwa analia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analilia nini. Akachelewa kuondoka mpaka muuguzi akaja kumfukuza kwa upole kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje.

Tangu siku hiyo kila alipokuja alikuwa na habari za mtu wa redioni. Utotoni alikuwa mwizi wa sukari, akalamba mpaka akaungua ulimi kwenye sufuria. Alikuwa akiogopa kinyozi. Lori la kwanza alipopewa alipita nalo mbele ya nyumba ya mama yake mara kadhaa akipiga honi bila sababu. Mengine nilikuwa nayajua, nilikuwepo, yule wa kuungua ulimi nilimpaka asali mimi. Nilimsikiliza kama mgeni. "Eh," nilisema, "na kisha?" Na mama aliendelea, mwanamke aliyekuwa anatucheka kwa kusikiliza mambo ya watu wasiokuwepo.

Hapa ndipo mpaka leo sielewi. Kuna siku nilikuwa na hakika kwamba mama anajua kwamba najua. Kuna siku nilimwona anapanga uongo wake kwa juhudi, akirekebisha hapa na pale, nikafikiri masikini anaamini amenificha. Na kuna siku mbaya mimi mwenyewe niliamini kwamba ni mtu wa redioni, nikamwonea huruma mama yake.

Nilitoka hospitali kiangazi, vumbi limejaa Buyenzi na ziwa halionekani. Nilitembea kwa kushika ukuta wa gereji, mafundi wakanipisha wakisema karibu Dada Zaina, hakuna aliyenipa pole ya msiba. Mtaa mzima ulikuwa umefundishwa. Ilibaki miezi ya vidonge. Vidonge unavifuata kwenye kituo cha afya, unakaa kwenye benchi, unanywa mbele ya muuguzi na unafungua mdomo kama mtoto. Usiruke hata siku moja, hata ukijisikia mzima, hata ukijichukia. Nywele zilianguka, kisha zikaota laini kama za mtoto. Sikio la kushoto halikurudi kamwe; ukitaka kunisengenya kaa upande huo.

Mchezo niliendelea kuusikiliza, peke yangu, na sikio la kulia. Mvua zilikuwa zimerudi walipofumbua ile ya asali. Alikuwa Zakariya. Mwaka mzima walituzungusha, na kumbe alikuwa Zakariya. Nilizima redio nikakaa. Hapakuwa na wa kumwambia, na hilo liliniuma kuliko mambo makubwa, siwezi kueleza kwa nini.

Nilipomaliza vidonge na daktari akasema inatosha, mama aliwaita ndugu nyumbani. Walikuwa hawajaondoa matanga ya Idi. Kwetu hayaondolewi ikiwa mtu mmoja wa nyumba ile hajajua msiba, kwa hiyo dua ya mwisho waliiahirisha, wakaiahirisha tena, wakingoja mwili wangu uweze kuubeba. Hilo sikuambiwa. Niliambiwa kuna dua ya kushukuru kwa kupona kwangu. Nikaamka mapema nikakanda unga, nikakaanga mandazi mengi, karai zima, mpaka mama akauliza yote haya ya nani. Nikamwambia nimeshindwa sharti. Hakuuliza zaidi.

Hadija alikuja. Eda yake ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakuwahi kuja kwetu tangu nirudi, kwa kuogopa uso wake utasema. Alikaa karibu na mlango, amekonda, macho chini. Watu wakala. Kisha wakaniketisha katikati ya mkeka, shangazi mmoja nyuma yangu tayari kunishika, mwingine na jagi la maji ya kunimwagia nikizimia. Mjomba Rashidi akakohoa. Alikuwa ameandaa maneno yake, ilionekana.

"Zaina, mutoto yangu," alianza. "We ulikuwa mugonjwa sana. Kuna neno tulikufichaka, si kwa ubaya..."

Nilikuwa nimepanga kushtuka. Niliona ndiyo heshima yao, baada ya kuhangaika muda wote ule. Lakini uso ulinikatalia, nikabaki namwangalia tu mjomba, naye akawatazama wengine kwa kuchanganyikiwa kama mimi wa zamani.

Mama akaweka chini sahani ya mandazi.

"Wacha, kaka yangu," alimwambia. "Anajua. Mi na yeye tulimulilia zamani."

"Mulimulilia?" Mjomba hakuelewa. "Wapi?"

"Mu redio," mama alisema.

Akaja akakaa kwenye mkeka, upande wangu wa kulia, na safari hii nikalia kwa sauti.